Mazoezi yanaua kuliko mechi: kocha aendelee kuwa na kauli ya mwisho?

MLETA MADA

Ndugu zangu, salaam. Mwanangu wa pili anaanza chuo hapa Marekani mwaka huu, na timu ya futiboli ya Kimarekani imemchukua kwa ufadhili. Ni kijana wa kujaza mlango. Miaka yote ya sekondari niliogopa kitu kimoja tu, kugongwa kichwa. Kila walipovaana uwanjani, mama yake alinibana mkono mpaka mechi iishe. Sasa nimeingia kusoma, nikaona kwamba muda wote huo nilikuwa nalinda mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi.

Kati ya mwaka 2000 na 2016 walikufa wachezaji 33 wa futiboli katika vyuo vilivyo chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Waliokufa kwa kugongana ni 6. Wengine 27 hawakuuawa na pigo la mtu. Waliangushwa na joto, moyo, pumu au selimundu (sikoseli, hitilafu ya damu ya kurithi), na wengi wao walikuwa kwenye mazoezi ya viungo, hakuna mpinzani wala goli la kulinda. Hesabu hiyo aliisimamia Scott Anderson, aliyekuwa mkuu wa matabibu wa michezo pale University of Oklahoma, mtu aliyeishi ndani ya mchezo wenyewe.

Kwa wasioufahamu mchezo huu: mechi huchezwa kuanzia mwisho wa Agosti, na kufikia Januari zimekwisha. Miezi inayofuata ni ya vyuma na mbio. Msimu wa mechi NCAA inaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki, nje ya msimu saa 8. Sheria inahesabu saa, haipimi kilichomo ndani ya saa. Na mwenye kuamua kilichomo ni kocha wa viungo.

Januari 2011 wachezaji wa University of Iowa walirudi kutoka likizo ya wiki tatu hivi. Wakapewa kazi ya kuchuchumaa na kuinuka mara 100, chuma mabegani chenye nusu ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja anaweza kuuinua, na saa inawahesabia. Siku chache baadaye 13 walikuwa hospitalini, misuli imevunjika na mkojo umekuwa mweusi kama soda. Chuo kikachunguza, kikasema zoezi lile lisirudiwe, lakini hakuna kocha aliyekutwa na kosa. Miezi mitatu tu baada ya tukio, kocha mkuu akampa kocha wa viungo tuzo ya kocha msaidizi bora wa mwaka. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi. Watoto 13 wamelala na dripu, halafu tuzo.

Tarehe 29 Mei 2018, University of Maryland. Jordan McNair, miaka 19, akapewa mbio kumi za mita 100 hivi, katika siku za mwanzo za kurudi mazoezini. Akaanza kubanwa misuli, akashindwa kusimama wima, wenzake wakamshika huku na huku. Zaidi ya saa moja na nusu ilipita tangu dalili zianze hadi gari la wagonjwa kuondoka naye. Hakuna aliyemtia kwenye pipa la maji ya barafu, ambalo ndilo tiba ya kwanza ya kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi, na linatakiwa liwepo uwanjani. Alikufa tarehe 13 Juni. Agosti rais wa chuo, Wallace Loh, alikubali hadharani kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili.

Msimamo wangu ni huu. Ratiba ya mazoezi ya nje ya msimu isifanye kazi mpaka tabibu asiye chini ya kocha aitie saini, na tabibu huyo awe na mamlaka ya kusimamisha zoezi papo hapo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Pigo la mechi halina mwandishi. Ratiba inaandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, ana muda wa kufikiri. Karibuni tujadiliane.

MCHANGIAJI, NAKURU

Mzee, pole kwa wasiwasi na hongera kwa kijana. Mimi nimecheza raga miaka kumi na moja, kwa hivyo nitasema wazi. Mchumia juani hulia kivulini. Timu nzuri hutengenezwa wakati hakuna anayetazama. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant aliwapeleka vijana wa chuo cha Texas A&M kule Junction, ukame na joto kali, akawanyima hata maji ya kunywa mazoezini. Wengi walitoroka. Waliobaki, miaka miwili baadaye walikuwa mabingwa wa ligi yao. Ndiyo, maji ulikuwa upumbavu. Lakini kile walichojifunza kuhusu nafsi zao hakuna daktari angewaandikia kwenye cheti.

Halafu hesabu yako. Vifo 33 katika miaka hiyo yote, kwa mchezo wenye makumi ya maelfu ya vijana kila mwaka. Kila kifo kinauma, silipingi hilo. Lakini ukiweka karatasi na saini kila mahali, utapata kocha anayeogopa kivuli chake na wachezaji laini watakaovunjwa Septemba na waliojiandaa vizuri. Hatari huihamishi tu? Na hawa ni watu wazima. Wamesaini, wanasomeshwa bure, mazoezi mengi ya kiangazi ni ya hiari. Asiyeweza aseme.

MCHANGIAJI, MUUGUZI, HOUSTON

Kaka wa Nakuru, nimewahudumia vijana wa aina hii, na ninakuomba unisikilize kwenye hilo la "asiyeweza aseme".

Misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake, hasa baada ya mapumziko, chembe zake zinapasuka na kumwaga vilivyomo ndani ya damu. Kuna protini inayokwenda kuziba figo. Kuna potasiamu, ambayo ikipanda sana moyo unapoteza mapigo yake. Mgonjwa anakuja na mapaja magumu kama gogo, mkojo rangi ya chai ya rangi. Sasa sikiliza: mara nyingi anakuja siku ya pili au ya tatu. Wakati wa zoezi lenyewe aliona maumivu ya kawaida, yale ambayo kocha amemwambia tangu utotoni kwamba ni udhaifu unaotoka mwilini. Aseme nini, na amwambie nani? Yule yule anayepanga nani acheze na ufadhili wa nani uendelee? Neno hiari halina uzito pale mwenye kuhesabu waliofika ndiye mwenye kugawa nafasi.

Na kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja, wazazi wa kutoka Tanzania, Kongo, Uganda, Burundi. Kinasaba cha selimundu, kile watu wengi wanachokiita sikoseli. Sizungumzii mgonjwa wa selimundu, nazungumzia aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, mzima wa afya, ambaye anaweza kuzeeka bila kujua anacho. Kwa Wamarekani weusi ni kama mtu mmoja kati ya 13. Kwetu kwenye malaria ni wengi zaidi, sehemu nyingine hufika mmoja kati ya watano. Maisha ya kila siku hakina shida. Lakini mbio kali mfululizo bila kupumzika zinaweza kufanya chembe nyekundu zigeuke umbo la mundu na kuziba mishipa midogo, misuli ikose damu. Miguu inalegea, kijana anaanguka taratibu, na bado anaongea. Hapo ndipo wengi wanadhani anadeka.

Ted Agu, mchezaji wa chuo cha Berkeley, alikuwa na miaka 21, mtoto wa familia ya Kinigeria, akijiandaa kusomea udaktari. Chuo kilijua ana kinasaba hicho. Februari 2014, asubuhi, hakuna joto lolote, wakawekwa wakimbie kupanda kilima huku wanavuta kamba kwa zamu. Akaanguka, akafa. Mwanzoni ilisemwa ni moyo, baadaye chanzo kikarekebishwa kuwa selimundu. Mwaka 2016 chuo kikakubali kuwajibika na kulipa familia dola milioni 4.75.

Kaka, unapenda mfano wa ukakamavu, basi chukua jeshi. Zamani utafiti kwa makuruta wa Marekani ulionyesha wenye kinasaba hiki wanakufa ghafla mara nyingi kupindukia kuliko wenzao. Jeshi likabadilisha mazoezi kwa wote: maji, mapumziko, kuzoea joto pole pole. Utafiti wa mwaka 2016 wa wanajeshi weusi wapatao 48,000 haukuona tena tofauti ya vifo, ingawa hatari ya misuli kuvunjika ilibaki juu kwa asilimia 54. Hilo ni jeshi la vita na halijawa laini. Kama linaweza kumpa kuruta dakika tano za kivuli, kocha wa mpira anashindwa nini?

MCHANGIAJI, KOCHA WA RIADHA, ELDORET

Nchangie kidogo tu kuhusu ukakamavu. Wanaokuja Iten kututazama hushangaa jinsi mbio nyingi zilivyo za taratibu. Siku ngumu ni ngumu kweli, lakini inayofuata watu wanakimbia huku wanapiga stori. Na mwanariadha akitoka mapumziko ya wiki tatu, hakuna kocha mwenye akili anayempa kazi ngumu siku ya kwanza. Ile ya Iowa, kwetu tungesema kocha alitaka kuwaonyesha yeye ni nani. Mazoezi ni kitu kingine.

MCHANGIAJI, NAKURU

Dada muuguzi, ya selimundu sikuwa nayajua, na ya jeshi umenishika. Nakubali kwamba mwenye kuanguka huku anaongea nami ningemwambia simama. Nimewahi kumwambia mtu hivyo, na sasa hivi namfikiria.

Lakini swali langu bado liko pale pale kwa mleta mada. Huyo tabibu wa kutia saini analipwa na nani? Kama mshahara wake unatoka idara ile ile ya michezo, inayoishi kwa ushindi, saini yake ni muhuri tu. Utakuwa umempa kocha kinga: akiua, atasema daktari alisaini.

MLETA MADA

Swali zito, ndugu yangu, na sina jibu lililokamilika. Kwenye makaratasi NCAA inataka matabibu wa timu wawe na mamlaka huru, kocha asiwaingilie. Mwaka 2019 ikatoa pia mapendekezo: mzigo upande kidogo kidogo baada ya mapumziko, na zoezi lisitumike kamwe kama adhabu. Maneno mazuri, lakini pendekezo lisilo na adhabu nani ataliogopa? Januari 2017 pale chuo cha Oregon wachezaji watatu walilazwa baada ya mazoezi ya kocha mpya wa viungo. Alisimamishwa mwezi mmoja bila mshahara, basi. Angalia pia jinsi yanavyofanana: Januari, likizo imekwisha, wakati mwingine kocha mpya anayetaka kuonekana.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba saini peke yake haitoshi. Tabibu alipwe na kitengo cha afya cha chuo, na jina lililo kwenye ratiba liwe la kocha na tabibu wote wawili, ili mmoja asijifiche nyuma ya mwenzake. Maryland walipitisha sheria ya jimbo mwaka 2021 yenye jina la Jordan McNair, inayovilazimu vyuo vya umma kuwa na miongozo ya joto na ya misuli kuvunjika. Wazazi wake walianzisha taasisi inayogawa mapipa ya barafu kwa timu. Fikiria mzazi anayegawa kile ambacho mwanawe alikikosa.

Dada wa Houston, nimefanya ulivyonifungua macho. Mwanangu amepima, na kinasaba anacho. Mama yake alilia, nami nikakumbuka kwamba mdogo wangu marehemu alikuwa mgonjwa wa selimundu, na wala sikuwahi kujiuliza nimebeba nini. Vyuo vya daraja la kwanza la NCAA vilianza kupima kuanzia mwaka 2010, baada ya kijana mwingine, Dale Lloyd wa chuo cha Rice, kufariki mwaka 2006. Cha mwanangu si cha daraja hilo, nikaona nisisubiri mtu.

Jumatatu nimewaandikia timu barua pepe yenye maswali matatu. Nani amesoma majibu yake ya damu? Nani anaweza kusimamisha mazoezi zaidi ya kocha? Pipa la maji ya barafu linakaa wapi, na ni umbali gani kutoka mstari wa mwisho wa mbio? Swali la kwanza wamejibu siku ile ile, vizuri kabisa, na la pili wakasema watalizungumza. Kuhusu pipa, leo ni siku ya sita, na kijana anatakiwa aripoti Jumamosi.