Jenasi ya hesabu na jenasi ya baiolojia, naomba ushauri

Wakuu habari za jioni, niko Moshi hapa Majengo, nafundisha tuisheni ya hesabu na juzi kuna dogo mmoja wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kanibana mpaka nikaishiwa. Yeye anajua jenasi ni kundi la spishi zenye babu mmoja, simba na chui wote ni Panthera, ila duma hayumo, yuko Acinonyx. Sasa kaniona naandika jenasi kwenye aljebra akauliza hapo kuna wanyama gani. Nikachukua kikombe cha chai nikamwonyesha, pale kwenye mshikio kuna tundu moja la kupita kwahiyo jenasi 1, mpira ni 0, na ekwesheni ya x na y ya digrii 3 (yaani kipeo kikubwa cha jumla ni 3) ikiwa laini, haina ncha wala haijikati, hata kule mbali kabisa kwenye infiniti, ukiichora kwa namba kompleksi unapata umbo la tundu 1 vilevile, ya digrii 4 unapata matundu 3. Dogo akasema hayo ni matundu, ukoo uko wapi?

Najua neno ni la Kilatini, maana yake aina au ukoo, na Clebsch yule mwanahesabu Mjerumani ndo alitumia neno la Kijerumani lenye maana hiyohiyo, Geschlecht, kupanga mikunjo (curves) kwenye makundi karne ya 19. Nahisi jibu liko kwenye kupanga makundi, ila nimwelezeje bila kumchanganya? Jumamosi anarudi.