Mtoto anafanya mazoezi ya mpira lakini mechi hachezi (Bodø, Norwe)

Mama Rehema, Bodø
Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Mwanangu ana miaka 12, amekuja kwa familiegjenforening (kuungana na familia), oppholdskort (kadi ya ukaazi) anayo, fødselsnummer (namba ya utambulisho) anayo. Klabu ya mtaani imempokea vizuri na mazoezini hakosi. Siku ya mechi lakini anakaa pembeni na jaketi, anawatazama wenzake. Kocha anasema usajili umerudishwa na ofisi, eti cheti cha kuzaliwa hakitoshi. Ni cha RITA, wakala wa vizazi na vifo Tanzania, kile cha kompyuta, na muhuri kinao. Wanataka nini zaidi? Nikipiga simu naambiwa niandike, nikiandika hawajibu. Aliyepitia hili anisaidie, theluji ikishuka msimu umekwisha.

Baba Imani, Trondheim
Pole sana mama. Hiyo si shauri ya klabu, ni FIFA, kanuni ya 19, ile ya kusajili watoto wanaotoka nchi nyingine. Mtoto akifika miaka 10 na hana uraia wa huku, karatasi lazima zipite. Sisi tulikuja na kvote, yaani mgao wa wakimbizi, kutoka kambi ya Nyarugusu, kwa hiyo tulipita mlango wa wakimbizi, na vedtak (uamuzi) ya UDI, idara ya uhamiaji, ndiyo ilimaliza maneno. Wewe mlango wako ni ule wa wazazi waliohama kwa sababu zisizo za mpira. Weka na arbeidskontrakt (mkataba wa kazi) yako.

Mwana Kisumu, Oslo
Baba Imani, tusipotoshane. Kanuni ya 19 ni ya wote walio chini ya miaka 18. Hiyo 10 ni umri wa kuanza kudaiwa ITC, cheti cha kimataifa cha uhamisho wa mchezaji. Wangu alikuwa ameandikishwa na akademi nyumbani, ikabidi ITC itoke FKF, shirikisho la soka la Kenya, tukasubiri hadi mtoto akakata tamaa akaenda kwa mpira wa mikono. Mama Rehema, huyo kijana aliwahi kusajiliwa popote Tanzania? Usipojibu hilo, hakuna mtu hapa atakusaidia.

Mzee wa Kilwa, Bodø
Marahaba mwanangu. Mambo ya ITC nawaachia wanaoyajua. Mimi nakuomba umsimulie kijana habari za Glimt, klabu yetu ya hapa Bodø, maana mji huu unajua vizuri kuwekwa nje na huku mguu unao.

Glimt ilianzishwa 1916. Timu za huku Kaskazini zilikatazwa kushiriki Kombe la Norwe mpaka 1963. Zilikatazwa, nasema, hata nafasi ya kwenda kufungwa hazikupewa. Ligi kuu ndiyo ilichelewa zaidi: mlango ulifunguliwa 1972, na wa kwanza kuingia walikuwa Mjølner wa Narvik. Hata hapo hakukuwa na usawa. Bingwa wa daraja la pili huko Kusini alipanda moja kwa moja, wa Kaskazini alipelekwa kwenye mchujo na washindi wa pili wa Kusini. Glimt wakakwama hapo. Mwaka 1975 wakachukua Kombe, wakamfunga Vard wa Haugesund 2-0 kwenye fainali, timu ya kwanza ya Kaskazini kulibeba. Mabingwa wa kombe la nchi nzima, na 1976 bado wanacheza daraja la pili! Walipopanda hatimaye, msimu wa 1977, wakamaliza wa pili nyuma ya Lillestrøm. Ule mswaki mkubwa wa njano mnaouona jukwaani Aspmyra, uwanja wa Glimt, ni wa miaka hiyo hiyo.

Kila nikiikumbuka mchujo ile nakasirika, na wala sikuwepo.

Shemeji wa Drammen
Mzee wangu, heshima yako, ila hujasema kwamba Bodø/Glimt ni klabu mbili zilizoungana. Ndiyo maana kuna ule mkwaju (/) katikati ya jina.

Mzee wa Kilwa, Bodø
Hazikuungana. Ni klabu moja. Iliitwa Glimt tu, neno Bodø likaongezwa 1948 kwa sababu kulikuwa na Glimt nyingine. Uliza kwanza, andika baadaye.

Baba Imani, Trondheim
Mzee, tunakuheshimu, lakini ukubwa wa klabu hupimwa kwa mataji. Rosenborg walibeba ligi mara 13 mfululizo, 1992 hadi 2004, na wakamfunga Milan kwake San Siro mwaka 1996. Glimt taji la kwanza la ligi ni 2020.

Mwana Kisumu, Oslo
Na hilo la 2020 lilikuja na pointi 81 na mabao 103 kwa mechi 30. Halafu Roma ya Mourinho ikala sita kwa moja hapo Aspmyra, Oktoba 2021. Na 2025 wakafika nusu fainali ya Europa League, hatua ambayo klabu nyingine ya Norwe haijawahi kuigusa, Rosenborg wakiwemo.

Dada wa Stavanger
Mnabishana mataji, mama wa watu ana shida. Na shida yenyewe ndiyo inaanza. Akiomba uraia huyo mtoto je? Norwe wameruhusu uraia pacha tangu 1 Januari 2020. Wakenya wanao tangu Katiba ya 2010. Sisi Watanzania bado tunaambiwa tuchague, kana kwamba mtu anaweza kuchagua kati ya mama na baba. Na asije mtu kuniambia habari za hadhi maalumu ya Watanzania waliochukua uraia wa nje. Hadhi maalumu si uraia. Mtoto akiwa na kipaji, Taifa Stars wanampoteza kwa karatasi tu.

Baba Imani, Trondheim
Hapo dada umesema kweli. Wangu wamezaliwa Kigoma, ziwa ndilo wanalolijua, mgebuka ndiyo samaki wao. Wakiulizwa wao ni wa wapi, wananitazama mimi.

Mama Rehema, Bodø
Asanteni wote. Mwana Kisumu, hajawahi kusajiliwa, alikuwa akicheza mtaani tu, Mbagala. Sasa kama hana ITC ya kuombwa, hicho cheti kinakataliwa kwa lipi?

Shemeji wa Drammen
Uraia pacha tulishaujadili hapa, na watu wakatukanana. Fungueni mada nyingine.

Dada wa Stavanger
Sifungui. Nitaujadili popote.

Mzee wa Kilwa, Bodø
Mama Rehema, Jumapili Glimt wako nyumbani na uwanja wenyewe ni wa watu elfu nane na ushei, tiketi zinawahi kwisha. Ninayo ya ziada. Mlete kijana.