Harrier 2006 inasoma kilomita 64,000 ila stika ya mlangoni inasema kingine, naombeni ushauri

MamaWawili_Tabata:
Habari zenu wakuu. Natafuta gari la familia, nimeipenda Harrier tako la nyani ya 2006, cc 2400, iko yadi moja hapa Dar bado haina namba. Dashibodi inasoma kilomita 64,000 na kitu. Jana nikaenda na fundi wangu, akafungua mlango wa dereva akaniita, kwenye nguzo ya mlango kuna kistika kidogo cha Kijapani kimeshapauka, maandishi siyajui ila namba zinasomeka, juu H29.5.14 halafu chini 113,000 km. Kumuuliza muuzaji anasema hizo stika hubandikwa hovyo huko Japani, labda mtu alikosea, na eti magari ya Japani hayachezewi kilomita kabisa kwa sababu sheria zao kali. Nikamwomba karatasi za gari akasema ziko kwa wakala wa forodha. Bei milioni 31 na ndio hela yote niliyojichanga, sina nyingine ya kutengenezea gari likinisumbua mwezi wa pili. Je niamini mita au stika? Na kuna namna ya kujua kilomita za kweli kabla sijalipa?

FundiUmeme_Ilala:
Dada yangu amini stika. Hiyo ni stika ya kubadilisha oil, gereji za Japani wanabandika kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti ili mwenye gari ajue arudi lini. H ni Heisei, hesabu ya miaka ya mfalme wao aliyepita, ukichukua hiyo namba ukajumlisha 1988 unapata mwaka wa kawaida, kwa hiyo H29 ni 2017 mwezi wa tano. Ukikuta R ni Reiwa, hiyo unajumlisha 2018, R3 ni 2021. Zile kilomita mara nyingi ni za oil inayofuata, yaani mwaka 2017 gari lilikuwa linakaribia 113,000. Sasa leo litasomaje 64,000? Mita hairudi nyuma yenyewe.

Kuhusu Japani kutochezewa, ni kweli wenzetu wako makini, ila gari likishatoka mnadani huko Japani linapita mikono mingi mpaka kufika yadi na yeyote kati ya hao anaweza kushusha kilomita. Hizi mita za dijitali namba inakaa kwenye kichipu ndani ya dashibodi, mtu mwenye laptop na kifaa chake anamaliza kazi muda wa kunywa chai. Na mjue hata hapa hapa mjini inafanyika, tena sana kwa magari ambayo yameshatembea barabara zetu miaka kadhaa halafu yanauzwa "kama mapya", nakutana nayo gereji, mteja ananiambia gari lina 70,000 nikitazama bushi na siti naona kabisa hili limezunguka.

Rudi ukaangalie haya. Mpira wa pedo ya breki, kama umelika upande mmoja mpaka mistari imefutika hiyo sio 64,000. Ila na ukikuta mpira mpyaaa kwenye gari ya 2006 jiulize kwa nini ulibadilishwa. Usukani pale mkono unaposhika juu kushoto na kulia, ngozi ikiwa imeng'aa kama imepakwa mafuta ujue imeshikwa sana. Siti ya dereva ule ubavu wa upande wa mlango, ndio unaosuguliwa kila mtu akipanda na kushuka, ulinganishe na siti ya abiria. Kisha vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho uone kama umechakaa kingo. Kitu kimoja peke yake hakitoshi ila vikikubaliana vyote basi.

Wakala_Bandari:
Mie kazi yangu ni kutoa magari bandarini kwa hiyo niongelee karatasi, hapo ndipo ukweli ulipo. Kwanza hiyo ya "karatasi ziko kwa wakala" isikuzuie, mwambie wakala wake atume picha, dakika mbili. Unayotaka ni export certificate, yaani cheti cha kulitoa gari Japani, ya Kijapani yenyewe, ORIJINO, sio ile tafsiri ya Kiingereza maana tafsiri mtu anaichapa upya anavyotaka. Usiogope Kijapani, namba ni hizi hizi zetu, tafuta palipoandikwa km. Ukaguzi wao wanaita shaken, gari binafsi jipya linakaguliwa baada ya miaka 3 halafu kila baada ya miaka 2, na kilomita zinaandikwa kwenye cheti kila mara, wanakata mpaka mia kwa hiyo ukiona inaishia 00 usishangae ndivyo wanavyoandika. Kabla ya kusoma chochote linganisha namba ya chesisi ya kwenye karatasi na iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi, maana nimeshaona mtu anaoneshwa karatasi nzuri kabisa za gari jingine.

Pia kama gari lilikaguliwa huko huko kabla ya kupakiwa, zile kampuni zinazokagua kwa niaba ya TBS au KEBS (shirika la viwango letu na la Kenya) zinatoa cheti na kilomita zimo. Karatasi yoyote yenye tarehe na kilomita ni ushahidi, mita ya leo haiwezi kuwa chini ya hapo. Na kwa wanaonunua gari lenye namba tayari hii inawahusu zaidi, kadi yetu ya gari haina kilomita, kwa hiyo muombe mwenye gari karatasi alizoingizia nchini hata kama ni za miaka sita nyuma.

Auction sheet, yaani karatasi ya ukaguzi ya mnadani Japani, nayo ni nzuri, wakaguzi wa mnada hawana gari la kuuza pale na minada yao ina kumbukumbu za pamoja za kilomita, gari likirudi mnadani na namba ndogo kuliko mwanzo linajulikana na linawekewa alama. Humo wanaipa gari gredi ya hali yake, gredi R au RA maana yake lilishapata ajali likarekebishwa. Lakini auction sheet feki zimejaa WhatsApp, itafute mwenyewe kwa namba ya chesisi, usipokee picha ya muuzaji.

Chuma_Kigumu:
Wakuu mnamtisha dada wa watu bure. Kilomita sio ishu, gari ni matunzo. Kuna Harrier ina 200,000 inaunguruma vizuri na kuna ya 60,000 imekufa. Mimi ningeangalia injini na giaboksi ningelipa, full stop.

FundiUmeme_Ilala:
Mkuu upande mmoja uko sahihi, mimi mwenyewe gari la 130,000 lililobadilishwa oil kwa wakati naliheshimu kuliko la 60,000 lililokaa uani miaka mitano. Ila unasahau mambo mawili. Kwanza bei, huyu anaombwa milioni 31 kwa sababu ya hiyo 64,000, ikiwa 140,000 hiyo sio bei yake. Pili, mimi fundi natumia kilomita kupanga matengenezo. Oil ya giaboksi, bushi za mbele, shokapu, plagi, bearing, vyote nauliza limetembea ngapi. Ukinipa namba ya uongo nakwambia bado, kumbe ilishapita zamani na unakuja kuharibikiwa njiani Chalinze usiku na watoto. Halafu hiyo injini yake ya cc 2400, 2AZ, inajulikana kwa kula oil ikichoka, sasa ukidanganywa kilomita hutakuwa hata na wasiwasi wa kupima kijiti, mpaka taa iwake.

Kilindini_Man:
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu gari haliingii likiwa limezidi miaka 8 kwa hiyo wengi wanadhani wako salama, wapi, gari la miaka 7 lililokuwa la kampuni laweza kuwa na 180,000. Jamaa wa minada wanakadiria gari la kawaida Japani hutembea kama 10,000 kwa mwaka, hiyo yako ya 2006 kwa 64,000 ni kama elfu tatu na kitu kwa mwaka, yaweza kuwa ya mzee aliyekwenda sokoni tu, lakini athibitishe yeye.

Nyongeza kwa wanaotaka Discovery na Range Rover za Uingereza. Mita zao husoma maili sio kilomita, 90,000 zile ni karibu 145,000 za kwetu, na nimeona yadi wameandika kwenye kioo "90,000 km" mchana kweupe. Lakini maili za kweli za gari la Uingereza kuzipata ni rahisi mno, ukiwa na namba ya usajili ya kule ingia tovuti ya serikali yao uangalie historia ya MOT, ndio ukaguzi wao wa magari, ni bure, kila ukaguzi uko na maili zake na tarehe, na hata vitu lilivyofelishwa. Namba ile ikiwa imeng'olewa iko kwenye karatasi za usajili za kule, dai uione.

MamaWawili_Tabata:
Jamani asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimerudi yadi na nimekomaa na karatasi mpaka ikatumwa picha. Chesisi ni yenyewe, export certificate ina 138,600 km. Nimemwonesha muuzaji, hakusema tena habari za stika, akashuka mpaka milioni 27 hapo hapo. Pedo imelika kweli na siti ya dereva ubavu umeshaanza kuchanika wameufunika na kava, mara ya kwanza sikuifunua. Sijui nichukue kwa 27 au niachane nayo? Kuna nyingine yadi ya jirani, ya 2007, mita 121,000 na wamenipa auction sheet bila hata kuomba, gredi 3.5, wanataka 28.

Wakala_Bandari:
Ya 2007. Nitumie chesisi inbox niitafute hiyo sheet mwenyewe, nikikuambia inalingana ndio ulipe.

FundiUmeme_Ilala:
Naunga mkono. Aliyekuficha kilomita za kweli na kufunika siti kwa kava, kuna vingine hujaviona. Hiyo ya 2007 waambie waiache usiku mzima, nenda asubuhi iwashwe ikiwa baridi kabisa, simama nyuma uangalie moshi, ukiwa wa bluu achana nayo. Halafu pima oil kwenye kijiti kabla ya kuwasha, na kwenye hiyo 28 ombeni washushe kidogo, hela hiyo weka pembeni ya oil ya giaboksi na bushi za mbele, kwa 121,000 vitakuwa vinadai.