Turubai, kifuniko cha kushonwa au plastiki ya kubana? Boti ya futi 16 kwenye baridi ya Minnesota

MvuviWaZiwani (Minneapolis)
Wakuu, salaam. Mwezi wa tano nilinunua boti ya alumini ya futi 16, mtumba, na mashine yake ya farasi 25. Nimevua weee mpaka majani yameanza kupukutika. Sasa maziwa yanakaribia kuganda na banda sina, kwa hiyo italala nje juu ya trela hadi Aprili. Naona njia tatu: turubai la buluu la dukani, kifuniko cha kitambaa kilichoshonwa kwa kipimo chake, au ile plastiki nyeupe inayobanwa kwa moto. Mke wangu anasema niiuze tu. Nisaidieni kabla hajapata mteja.

BabaZuhura (Duluth)
Turubai ni rahisi na linafaa, ila usilitandike kama shuka. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo. Theluji ikatuama katikati ikafanya bakuli, jua la mchana likaiyeyusha, usiku ikaganda, kisha ikaanguka nyingine juu yake. Piga hesabu: boti yako ina kama mita 9 za mraba kwa juu. Theluji mpya ya sentimita 30 inaweza kufika kilo 250 hivi, na ikishalowa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mimi kioo cha mbele kilipasuka na tundu za kamba zikachanika zote.

Siku hizi naanza na paa. Mbao moja ndefu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nguzo tatu za kuibeba, halafu turubai linateremka pande zote mbili kwa mwinamo mkali. Theluji inaporomoka yenyewe. Chukua la futi 16 kwa 24; la 12 kwa 20 litakuacha na mashine nje.

Binti_Kilindini (Stockholm)
Nina cha kushonwa. Raha yake ni kwamba kitambaa kinapumua, hakipigipigi kwenye upepo, na ukikitunza kinadumu miaka mingi. Lakini kaka, uliza kwanza kimeshonwa kwa kazi gani. Vingi ni vya kuzuia jua na vumbi ukiwa barabarani. Hivyo havibebi theluji, vinalegea tu, na bila nguzo ndani unarudi kwenye bakuli la BabaZuhura.

Na unyevu msiudharau. Boti nyingi za alumini zina sakafu ya plaiwudi yenye zulia juu. Ukifunika zikiwa mbichi, Aprili utakaribishwa na kuvu na harufu ya kaburi. Kausha kwanza, kisha acha upenyo omo na tezi hewa ipite.

Fundi_Gati (Toronto)
Hiyo plastiki ya kubana ndiyo ugali wangu kila Oktoba, kwa hiyo nisikilizeni. Tunaitandaza juu ya mikanda na nguzo, tunaipitishia moto wa gesi, inajivuta mpaka inakaza kama ngoma. Upepo haupati pa kushika na theluji haikai. Ubaya wake, masika unaikata kwa kisu, basi, mwaka ujao unalipa tena. Na bila matundu ya hewa ndani panakuwa bafu la mvuke. Usijaribu mwenyewe: moto, mvuke wa petroli na mtu wa mara ya kwanza havikai pamoja. Kwa boti kubwa yenye mlingoti ningekuambia lipa. Kwa futi 16, nenda na turubai.

MzeeWaLamu
Theluji siijui, wanangu. Huku adui ni jua: mashua ya mbao ikipandishwa pwani wakati wa kusi tunaikinga kwa makuti, maana mbao zikikauka sana kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, inaachia. Lakini nauliza: hayo maji ya ngama, yanayotuama chini ndani ya chombo, mmeyatoa? Naona mnazungumzia nguo tu.

BabaZuhura
Mzee kagonga penyewe. Ng'oa kizibo cha nyuma, inua omo kidogo, na kizibo ukifunge kwenye usukani usikisahau. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, hayaulizi ni chuma au ni nini. Mashine iache wima maji yote yamwagike. Betri ingiza ndani ikiwa imejaa chaji. Iliyoisha inaganda upesi.

MvuviWaZiwani
Shukrani zenu, na shikamoo mzee. Basi turubai na paa la mbao. Kamba nizifunge wapi?

Binti_Kilindini
Zipitishe chini ya tumbo la boti, ubavu hadi ubavu. Penye kona funga vipande vya zulia kuukuu, turubai lisisagike. Wapo wanaoning'iniza madumu ya maji pembeni kama uzito. Huko kwenu yatapasuka, tia mchanga.

Fundi_Gati
Jambo moja. Mbao zisiwe zile za kijani zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa na kuoza. Nyingi zina shaba, na shaba ikilowa juu ya alumini inaitafuna.

MvuviWaZiwani
Nimeshazinunua jana. Sita.

BabaZuhura
Risiti unayo?