Filamu ya mzee anayesahau imeniliza. Nanyi je?

Binti Kibokoni: Jana usiku nimetazama The Father, ile ya 2020 iliyompa Anthony Hopkins Oscar akiwa na miaka 83. Nyumba inabadilika kidogo kidogo: viti, picha ukutani, hata sura ya bintiye, mpaka nami sikujua lipi la kweli. Mwisho mzee anamlilia mamake. Nililia hadi adhana ya alfajiri.

Nyanyangu alikuwa hivyo. Jioni moja alijitanda kanga, akashika ufunguo, akasema anarudi kwao. Naye yuko kwao, chumba kile kile alichozalia watoto sita! Nikambishia: "Nyanya, kwenu ni hapa." Akaniangalia kama mgeni. Laiti ningeiona filamu hii mapema. Kuna hadithi nyingine iliyowagusa hivi?

Mama wa Likoni: Pole mwanangu, hukujua. Kwangu ni riwaya ya Still Alice ya Lisa Genova, naye ni msomi wa ubongo. Unaingia kichwani mwa mgonjwa mwenyewe. Niliifunga mara mbili, nikairudia.

Mzee wa Mtongwe: Kwa kawaida ugonjwa huu wa kusahau huanza na kumbukumbu za karibuni, za utotoni hukawia kutoka. Babangu aliposema anaenda kwao, nilimwuliza tu, "Kwenu kuna nini, baba?" Akanihesabia miembe, mmoja mmoja, akatulia.

Binti Kibokoni: Shikamoo mzee wangu, ahsante. Nyanya alikuwa akitaja kisima. Sikuwahi kumwuliza kisima gani.