Kwa nini JavaScript ina jina la Java?

Mwanagenzi: Wakuu, nimeanza kujifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, nikidhani ni tawi la Java, lugha nyingine ya programu, kumbe sivyo. Jina hili lilitoka wapi?

Mkongwe: Brendan Eich aliiunda Mei 1995 kwa siku 10 tu akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, ikaitwa Mocha, kisha LiveScript, na ilipofika Desemba ikapewa jina la sasa kwa makubaliano na Sun Microsystems, kampuni yenye Java, kwa kuwa Java ndiyo iliyokuwa ikivuma. Kwa maoni yangu, ilikuwa biashara tu.

Fundi: Haraka hiyo iliacha makovu: ukiandika typeof null (yaani kuuliza null, thamani ya "hakuna kitu", ni ya aina gani), hadi leo utajibiwa kimakosa "object" (kitu), maana kuirekebisha kungevuruga tovuti zilizokwisha kuitegemea.

Mwanagenzi: Nimejaribu sasa hivi, na kweli imejibu hivyo hivyo. Ahsanteni.