Kibali cha mazingira cha kuchimba mchanga na kokoto Iringa, naanzia wapi?

Kijana_wa_Ipogolo

Kamwene wanyalukolo, na wengine wote habari za jioni. Tuna eneo la familia kama ekari 9 hivi nje kidogo ya mji, chini linagusa mto Ruaha Mdogo na kule juu kuna yale majabali yetu ya Iringa mnayajua. Mzee alilima mahindi miaka yote mwisho akachoka, mimi nikaona watu wa malori ya Fuso wanahangaika kutafuta mchanga wa mtoni nikasema ngoja nijaribu. Kijiji kimeniandikia muhtasari kabisa, muhuri upo, nikajua nimemaliza. Jamaa yangu naye ana krasha ndogo ya dizeli, ile mashine ya kusaga mawe, anataka tuungane tusage kokoto za nusu inchi.

Sasa juzi wamekuja watu wawili na pikipiki, wameuliza leseni iko wapi na karatasi ya mazingira iko wapi, nikawatolea muhtasari wa kijiji, wakaangaliana wakacheka. Wamesimamisha kazi. Tripu 3 za mchanga zimelala pale ukingoni na mvua zikianza zinarudi zilikotoka. Kuna jamaa wa stendi kasema cheti cha mazingira anakitoa ndani ya wiki moja nimpe nusu kwanza. Nifanyeje wakuu, na je kwa uchimbaji mdogo kama wangu kweli nahitaji hivyo vyote?

Sururu_Mbalizi

Huyo wa stendi mkimbie mkuu. Usimpe hata ya vocha. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira hakitoki mfukoni mwa mtu, maombi lazima yapite NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, sasa yeye wa stendi anakisainisha wapi, kwenye kibanda cha chipsi?

Halafu kitu ambacho wengi hatukijui mpaka tufukuzwe ni kwamba shamba ni lenu ila mchanga na mawe yaliyomo sio yenu. Sheria ya Madini ya 2010 inasema madini yote ni mali ya taifa, na mchanga, kokoto, moramu, mawe ya msingi yote yanahesabiwa madini ujenzi. Kwahiyo muhtasari wa kijiji unaonyesha tu kwamba wenye ardhi wameridhia, hauna nguvu ya leseni. Wewe unatakiwa leseni ndogo ya uchimbaji, ile watu wanaita PML, ni kwa Watanzania tu, inadumu miaka 7 na unaihuisha. Kwa madini ujenzi mwisho ni hekta 5, yaani ekari 12 na kidogo, kwahiyo eneo lenu lote linaingia. Nenda kwa afisa madini mkazi pale pale Iringa watakuonyesha kwenye mfumo kama kuna mtu kashawahi juu yenu, na usicheke, inatokea, unakuta mtu wa mbali ana leseni juu ya shamba la bibi yako na bibi hajui lolote.

Koodineti za kona za eneo usichukue na simu, tumia GPS!! Mimi nilichukua na simu, kona moja ikaangukia kwenye migomba ya jirani, nimekaa miezi nagombana na mzee wa watu kwa kosa la mita kumi na kitu.

Kuhusu mazingira, ukiwa na PML na unachimba kwa sururu na mtaimbo, kanuni za madini zinakutaka uandae mpango wa kutunza mazingira, unaeleza udongo wa juu utauweka wapi, mashimo utayafukiaje, maji machafu yataenda wapi. Sio lile buku la kurasa mia mbili. Ila hiyo krasha ndio itakubadilishia mambo.

Dada_wa_TAM

Sururu kaeleza vizuri, naongezea kwenye krasha maana tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) ndio kazi yangu ya kila siku, niko Mbeya.

Ukishaweka krasha, au ukitaka kupasua mwamba kwa baruti, ujue hapo utaambiwa sajili mradi NEMC, ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko huku Mbeya ila usajili unafanyika mtandaoni hata ukiwa Ipogolo. Na wao ndio wanakuambia mradi wako uko kundi gani, tangu kanuni zirekebishwe 2018 kuna A ambayo tathmini kamili ni lazima, kuna B1 ya katikati, kuna B2 yenye athari ndogo, na kuna miradi maalumu. Usijipangie mwenyewe kwamba "mimi ni mdogo". Nimeona mtu kajiita mdogo na ana krasha inayosikika kijiji cha pili.

Andiko la tathmini haliandikwi na wewe wala binamu yako aliyesoma jiografia, linaandikwa na mshauri elekezi aliyesajiliwa, omba namba yake ya usajili uihakiki kabla hujalipa. Kisha kuna hadidu za rejea, yaani nini kitachunguzwa, kuna kukutana na wadau, kuna kamati ya wataalamu inakuja kuona eneo ndio ripoti inapitiwa. Watu wanadharau sana hicho kikao cha wadau wanataka kukusanya sahihi tu na soda. Mwaka fulani tuko kwenye kikao wilaya moja huku, mwenye mradi kaongea vizuri kweli, ajira, barabara, zahanati, akamaliza akapigiwa makofi, akasimama mama mmoja ana khanga mabegani akauliza "vumbi likikaa kwenye maua ya maharage yangu, nitakuja kukugongea wewe au nani?" Kimya. Lile swali ndilo lililoleta sharti la kumwagia maji barabara na kuifunika krasha, na mpaka leo ukipita pale bowsa la maji lipo linamwaga.

Mambo mawili ya umbali kabla hujatumia hata shilingi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwahiyo mchanga wako ndio wenye kesi kubwa kuliko mawe, na bila Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji (wako hapo hapo Iringa mjini) kukuandikia, usiguse. Ruaha Mdogo ile inaenda Ruaha Mkuu halafu bwawa la Mtera kwenye umeme, usishangae wakiwa wakali. Na nyumba ya mtu ikiwa ndani ya mita 200 unahitaji ridhaa yake ya maandishi, hiyo iko kwenye sheria ya madini.

MamaKokoto

mi sina sheria kichwani ila niseme tu maana nyie vijana mnaongea leseni leseni, huku kwetu Rungwe walikuja wakachimba mchanga ukingoni miaka miwili wakaondoka, walipochimba mto ukahama, ukaanza kula upande wetu, mwaka wa kwanza migomba mitatu mwaka wa pili choo cha jirani, na yale mashimo yakijaa maji watoto wanaogelea hujui kina kiko wapi, ndama wetu alitumbukia tukamtoa na kamba amekufa. Na wewe mwenye mawe usije ukachoma matairi juu ya jiwe lipasuke, mi naponda kokoto kwa nyundo mwaka wa saba huu, ule moshi mweusi unaingia ndani ya vyungu, ukitema mate asubuhi meusi. Chimba baba, wote tunatafuta hela, ila fukia.

Kijana_wa_Ipogolo

Asanteni sana jamani, mama pole kwa ndama. Leo asubuhi nimeazima futi ya fundi nikashuka na mdogo wangu tumepima kutoka ukingo. Nilipokuwa nachimba ni mita 22. Yaani hata zile tripu 3 ziko ndani. Vigingi tukapigilia kwenye mita 60, ikaangukia karibu na mti wa mzambarau, mzee akaangalia akasema "kumbe karibu nusu ya shamba ni ya mto" akaingia ndani.

Mawe yako kama mita 140 kutoka ukingo, na kutoka kwenye mawe mpaka nyumba ya jirani aliye karibu nimehesabu ni 230. Kwahiyo mchanga nauacha, krasha jamaa asubiri kwanza, naanza na PML ya mawe ya msingi kwa mkono. Jumatatu naenda kwa afisa madini. Sururu hiyo GPS unayo bado?

Sururu_Mbalizi

Ninayo, betri tu ndio mbovu njoo na zako mbili. Na huo mchanga uliolala, piga simu bodi ya bonde wakwambie wenyewe cha kufanya kabla hujaugusa.

MamaKokoto

ndaga fijo, asante sana mwanangu